Mbwa Kali na Mkopo wa Kesho: Kuhakiki Michoro na Maandishi ya Kuta za Vibanda

Hakuna mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya ambaye hajawahi kulikosoa lango. Maneno yenyewe huwa yameandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kipande cha bati: MBWA KALI. Chini yake pamechorwa kichwa cha mnyama anayeweza kuwa mbwa, fisi au ndama, meno yamepangwa kama ya kitana na ulimi unaning'inia. Mwalimu hupita, akasonya, akaikumbuka ngeli ya A-WA na kulisahihisha lango moyoni mwake: mbwa mkali. Kesho yake hulipeleka darasani kama mfano wa kosa la upatanisho wa kisarufi, wanafunzi wakacheka, somo likaisha.

Makala haya yanadai kwamba somo hilo huisha mapema mno. Tunayoyazungumzia ni mazao ya mafundi wa rangi wasio na cheti chochote cha sanaa, wale wanaopamba malango, vibanda, vinyozi, hoteli ndogo na mikokoteni. Kazi zao aghalabu huwa na mambo matatu kwa pamoja: mchoro wa kitu cha kila siku, maandishi ya mkono yanayokitaja kitu hicho, na neno la mzaha linalomfanya mpita njia ageuze shingo. Katika miongozo yetu mingi kazi hizi, zikitajwa kabisa, hutajwa kwa maneno yake pekee, ama chini ya misimu ama chini ya sajili ya biashara. Mchoro huachwa ukutani. Ninavyoona, mhakiki anayeyang'oa maneno na kuuacha mchoro, ukuta na mahali pake, hajaihakiki kazi ya fundi. Amehakiki kazi nyingine aliyoitunga mwenyewe bila kujua.

Turudi langoni. Kisarufi hakuna mjadala. Mbwa ni nomino ya kiumbe chenye uhai na kivumishi chake huchukua kiambishi m-; mtahiniwa atakayeandika "mbwa kali" katika Karatasi ya Pili atapoteza alama, na atakuwa amestahili kuipoteza. Wapo wanaoliona kosa hili kuwa ni masalio ya Kisetla, kile Kiswahili cha mashambani na majumbani mwa walowezi ambacho kiliacha viambishi vya upatanisho vianguke njiani. Maelezo hayo yana mashiko, hasa ukijiuliza ni nani enzi zile waliokuwa na malango ya kuwekea onyo. Hata hivyo, asili ya kosa haitufafanulii kwa nini linaendelea kuandikwa hata na watu wanaojua kanuni. Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha katika kidato cha tatu alichukua brashi wakati wa likizo akaongeza herufi M kwenye lango la kwao. Majirani walicheka kwa muda wa wiki nzima. Walisema huyo sasa ni mbwa wa mwalimu, hawezi kumuuma mtu.

Katika kicheko cha majirani hao mna uhakiki ambao sisi wenye shahada tumeupita bila kuuona. "Mbwa mkali" ni kirai kinachomweleza mbwa fulani mwenye tabia fulani. "Mbwa Kali" kimekwisha kuwa jina, nembo ya hatari kama lile fuvu la kichwa kwenye nguzo za umeme. Ukikisahihisha unakirudisha kuwa maelezo, na maelezo hayamtishi mtu. Huu ndio ukiushi tunaowafundisha wanafunzi katika ushairi, isipokuwa huku barabarani hatukubali kuuita hivyo kwa kuwa aliyeutenda hana diwani.

Jambo la pili ni kwamba nyumba nyingi zenye ubao huo hazina mbwa. Kila mtu mtaani analijua hilo, na bado watu wazima hugonga lango kwa hadhari na kurudi nyuma hatua mbili. Ubao ndio mbwa. Mwalimu anayehangaika kueleza jinsi mhusika wa kubuni, asiyekuwepo popote duniani, anavyoweza kumtia msomaji hofu ya kweli, hapa ana mfano wa bure: mhusika aliyejengwa kwa maneno mawili na mchoro mbaya. Je, ubaya wa mchoro unasaidia? Nadhani unasaidia. Mbwa aliyechorwa kwa ustadi angefanana na mbwa wa kalenda, mwenye jina na mwenye kupendwa na watoto. Huyu asiyejulikana ni mbwa au ni fisi ndiye wa kuogopwa.

Kazi iliyo tajiri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya dukani inayosema LEO PESA, KESHO MKOPO, pamoja na ndugu zake wa karibu kama vile HAKUNA MKOPO LEO, NJOO KESHO. Mwanafunzi aliyefunzwa vyema atakuambia mara moja kuwa pana ukinzani kati ya leo na kesho, pana usambamba, na pana udondoshaji wa kitenzi. Yote ni kweli na yote hayatoshi. Mpe mwanafunzi huyo maneno hayo kwenye karatasi, umwulize yanachekesha wapi, atababaika. Kwenye karatasi ni ahadi ya kawaida: leo lipa, kesho utakopeshwa. Mzaha huzaliwa pale maneno yanapopakwa rangi ukutani yasifutike. Mteja anarudi kesho yake kama alivyoahidiwa na kulikuta neno lile lile likimtazama: kesho. Fundi ameandika mara moja tu, ukuta unarudia kila asubuhi. Kesho ya ukutani haifiki, kwa sababu siku ikifika huitwa leo. Kwa hiyo muda ni sehemu ya matini hii, kama vile wino ulivyo sehemu ya kitabu. Hakuna tamathali katika orodha zetu inayolitaja jambo hilo, na mwalimu atalazimika kulieleza kwa maneno yake mwenyewe, jambo ambalo si baya.

Tuulize pia nani anasema na nani anaambiwa. Mwenye kibanda anawafahamu wateja wake kwa majina ya watoto wao. Anajua nani ana mgonjwa hospitalini na nani karo imemlemea. Kumwambia mama wa jirani ana kwa ana kwamba hatamkopesha unga ni kumvunjia heshima, na yeye mwenyewe ana haya. Ukuta unamsemea. Mama akiingia, macho yake hupita juu ya maandishi, wote wawili hutabasamu, na kukataa kunakuwa kumetendeka pasipo mtu kukataa. Tena kinaya kimejificha chini ya meza, kwani kule ndiko kiliko kitabu cha madeni, kimekunjika pembe na kujaa majina ya hao hao wanaousoma ukuta. Duka lisilokopesha kabisa halina haja ya kuandika. Tangazo hili basi linakanusha kile kinachotendeka, na wote wanaohusika wanajua. Ukilisoma kama "marufuku ya mkopo" umelisoma kama mgeni aliyeshuka kwenye basi leo.

Kuna maduka ambayo badala ya maneno hayo hutundika picha maarufu ya wafanyabiashara wawili: aliyeuza kwa pesa taslimu, mnene, kajiegemeza kitini mbele ya sefu iliyojaa, na aliyekopesha, kakonda, kashika kichwa, panya wanacheza miguuni pake. Picha hiyo ni ya kuchapishwa na imezunguka nchi nyingi. Inaeleweka upesi, lakini inahubiri. Inamwambia mteja kuwa yeye ndiye aliyemkondesha mwenye duka. Andiko la mkono la "kesho mkopo" linamwalika acheke, halimshtaki. Nikitakiwa kuchagua kati ya hizo mbili kwa ajili ya darasa, sisiti.

Kwa vinyozi nitapita haraka. Mchoraji wa kinyozi hupanga vichwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja na mtindo wake wa nywele na kila kimoja na kibandiko chake. Ukitazama utagundua kuwa uso ni mmoja. Ni nywele tu zinazobadilika. Mbinu hiyo si ngeni kwa anayezijua ngano zetu, ambamo sungura ni yule yule na hila ndiyo hubadilika. Zaidi ya hapo maneno ya kinyozi ni majina ya mitindo tu, na mengi husahaulika mtindo unapopitwa na wakati.

Andiko la USIKOJOE HAPA halina budi kutajwa, hata kama baadhi ya walimu watakunja uso. Wanafunzi wetu hulipita kila siku wakienda shuleni. Hatutawalinda kwa kulinyamazia. Mara nyingi huambatana na mchoro wa panga au wa mkasi mkubwa uliofunuliwa, na hapo ndipo pana jambo la kujifunza. Maneno ni sheria, tena sheria yenye adabu, katika hali kanushi ya kuamrisha kama inavyofundishwa kidato cha kwanza. Adhabu haikuandikwa. Imechorwa, na aliyeichora ameiachia akili ya msomaji kazi ya kukamilisha sentensi. Mgawanyo huu wa kazi kati ya neno na picha ndio kiini cha sanaa hii. Neno likisema kila kitu, mchoro unakuwa pambo. Mchoro ukisema kila kitu, neno linakuwa kibandiko. Kazi nzuri ni ile ambayo kila upande umemwachia mwenzake nusu ya habari.

Kwa kipimo hicho twaweza kuhukumu, na tusiogope kuhukumu. Si kila kilichopakwa kwa mkono ni sanaa. Ubao wa hoteli unaosema CHAI, MANDAZI, NDENGU, CHAPATI, wenye kikombe kinachofuka moshi, ni orodha ya vyakula na kikombe kinachofuka moshi. Usitafute ndani yake maudhui ya ukombozi. Aidha, mkokoteni ulioandikwa methali kamili, tuseme KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, unaitumia methali bila kuiongezea chochote, isipokuwa pale mwenye mkokoteni anapokuwa kaielekeza kwa watu wake. MUNGU MBELE nyuma ya mkokoteni ni suala jingine. Anayeisoma yuko nyuma, na mbele anakoelekezwa anaona mgongo wa kijana anayetokwa na jasho. Kama fundi alikusudia hivyo sijui kama tunahitaji kuamua. Mahali pameyapa maneno maana ya ziada.

Neno kuhusu hati. Fundi huanza kwa herufi kubwa zenye majivuno, na anapofika katikati ya ukuta hutambua kuwa neno ni refu kuliko nafasi. Herufi zinaanza kubanana, za mwisho zikawa nyembamba kama watu waliokaa wanne kwenye kiti cha watatu. Pengine neno hukatika na kuteremka: MAHARA juu, GWE chini. Pengine l hukaa pahali pa r, kwa sababu fundi ameandika anavyotamka na anatamka kama walivyotamka waliomlea. Kwa mwalimu wa Isimu Jamii, somo lenye alama 10 katika Karatasi ya Pili ya KCSE, hayo ni data safi kuliko sentensi za kubuni tunazozitunga sisi wenyewe usiku wa kuamkia mtihani. Nasisitiza kuwa ni data. Wanafunzi wasiruhusiwe kuyafanya kuwa kichekesho cha jamii fulani. Fundi akikusudia kuchekesha, tucheke naye. Asipokusudia, tuandike tulichokiona na tuendelee.

Swali la uhusiano wa picha na maneno limewahi kuwashughulisha watu wazito kutushinda, tena karibu nasi. Huko Kinshasa, Chéri Samba alianza kama mchoraji wa mabango ya biashara katika miaka ya 1970, kisha akayahamisha maneno kutoka kwenye bango hadi kwenye mchoro wa sanaa. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa katika maonyesho makubwa mjini Paris. Ameeleza kwamba maandishi humlazimisha mtazamaji asimame mbele ya picha kwa muda badala ya kuitupia jicho na kwenda. Mfano unaotugusa zaidi sisi wa Kiswahili ni wa Lubumbashi. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye hakuwa na shule ya sanaa, aliichora historia ya nchi yake picha baada ya picha, kila moja na maandishi mafupi, mengi ya Kifaransa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alizungumza naye kwa Kiswahili cha Shaba katika miaka ya 1970, na mwaka 1996 akachapisha picha 101 pamoja na mazungumzo hayo. Anayesoma kitabu hicho hutambua kwamba picha peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni masimulizi ambayo picha inayachokoza. Kitambaa kilichopakwa rangi, kibandiko na mdomo wa msimulizi vilikuwa kazi moja.

Hapa ndipo mjadala wa walimu wetu wa iwapo kazi hizi ni fasihi simulizi au fasihi andishi unapokwama. Wanaosema ni simulizi hutoa hoja kwamba hazina mwandishi, ni mali ya umma, na hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Wanaosema ni andishi hutoa hoja kwamba zimeandikwa, basi. Wote wawili wangefaidika kwa kuinama na kutazama pembe ya chini ya ubao. Pale, kwa herufi ndogo kuliko zote, fundi huwa ameweka jina lake na nambari yake ya simu. Kumbe mwandishi yupo. Maneno ni ya watu wote, ila mkono ni wa mtu mmoja anayetaka kupigiwa simu na mteja mwingine. Hali hii haina tofauti kubwa na ya fanani, ambaye ngano si yake lakini namna ya kuitamba ni yake. Mimi ningeziweka kazi hizi katika utanzu wa simulizi kwa sababu hiyo, huku nikikiri kuwa zinahitaji ukuta jinsi ngano inavyohitaji jioni.

Lipo pia suala la wakati, na hili linahitaji haraka. Matatu, ambazo zilikuwa maktaba kubwa ya misemo ya barabarani, zilinyamazishwa kwa kiasi kikubwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, zile zilizoleta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Mwaka 2014 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliiruhusu michoro irudi, nayo ikarudi kwa nguvu, lakini nyingi ya siku hizi ni kazi ya vyombo na kompyuta, mbali na brashi ya fundi wetu. Vibanda havikuguswa na kanuni hizo. Vilivyovigusa ni biashara. Baada ya huduma ya M-Pesa kuanzishwa mwezi Machi 2007, safu nzima za vibanda zilipakwa kijani. Kampuni shindani nayo ilibadilisha jina kutoka Kencell hadi Celtel, kisha Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, kila jina na rangi zake. Kibanda kilichokuwa kikisema LEO PESA, KESHO MKOPO kikawa kinasema jina la kampuni. Na pale ambapo kampuni haikufika imefika turubai ya plastiki iliyochapishwa mjini, yenye picha ya kuku wa Ulaya na herufi zisizobanana. Sibezi maendeleo, mwenye kibanda alipata ukuta mpya bila malipo. Ila mashairi ya shule za msingi tumeyahifadhi, nyimbo za jando tumezihifadhi, na haya yanapakwa rangi juu tukitazama.

Silabasi imetupa mlango: ukusanyaji wa fasihi simulizi nyanjani. Badala ya kuwatuma wanafunzi wote kwa nyanya zao kutafuta vitendawili vile vile vilivyomo kitabuni, nusu ya darasa ipelekwe sokoni na daftari. Mwaka nilipofanya hivyo niliwataka waandike mambo manne kwa kila andiko: maneno kama yalivyo, makosa yakiwemo, mchoro, wauchore upya hata kwa penseli mbovu, mahali hasa lilipo na linamtazama nani, na alichosema mwenye mahali alipoulizwa sababu. Safu ya nne ndiyo iliyozaa mjadala. Mwenye kibanda mmoja alisema aliandikiwa bila kuagiza, fundi aliona ukuta mtupu akauonea huruma. Mwingine alisema maneno yake yanamhusu mtu mmoja tu, na mtu huyo anajijua. Wanafunzi wawili waliokuwa wamenakili andiko hilo wakiwa mbalimbali walikuwa wameliita mmoja tashtiti na mwingine methali. Walipoisikia habari hiyo walikubaliana kuwa ni mafumbo, na sikuwa na la kuongeza.

Mtahiniwa anayejiandaa ajaribu zoezi hili. Kwenye mlango wa banda la fundi viatu pamechorwa kiatu kilichopasuka mbele, kikitabasamu kama mdomo, na chini yake pameandikwa: INGIA UNICHEKESHE. Nani anasema hapa, fundi au kiatu? Je, jibu lako lingebadilika kama mchoro haungekuwapo? Taja mbinu mbili za lugha zilizotumika, na ueleze jambo moja kuhusu andiko hili ambalo mbinu hizo mbili hazilielezi. Kwa sehemu ya mwisho, mwalimu, usiwe na jibu moja tu kwenye mwongozo wako wa kusahihishia.